Tufe linakata kushoto na kiuno kinauma: mwili ukae vipi kwenye boling?

Swali: Kocha, hujambo. Mimi hucheza boling na wenzangu wa kazini hapa Nairobi kila mwisho wa mwezi. Natumia mkono wa kulia. Nasimama katikati kabisa, miguu imeshikana, kifua kimeelekea pini ya mbele, tufe nimelishika kwa mikono miwili chini ya kidevu. Nia yangu ni kurusha moja kwa moja, lakini tufe hukata kushoto na mara nyingi huishia mtaroni. Mwenzangu mmoja ananiambia nigeuze mwili uelekee kulia. Mwingine anasema mabega yawe sambamba na mstari wa faulo, ule tusioruhusiwa kuuvuka tukirusha, basi. Kesho yake kiuno huniuma upande wa kulia. Mwili unafaa kukaa vipi? Na je, ni wakati wa kununua tufe langu mwenyewe?

Jibu: Sijambo, dada, na asante kwa kueleza kinaganaga. Nianze na jambo ambalo huenda likakushangaza: mahali unaposimama hapana shida. Shida iko chini ya kidevu chako.

Mkono unaobeba tufe ni bembea iliyofungwa begani. Unakwenda nyuma, unarudi mbele, na ukiachwa huru hurudi kwa njia ileile uliyoendea. Sasa fuata safari ya tufe lako. Linaanzia katikati ya kifua. Likishuka kwenda nyuma linakuta nyonga yako ya kulia imeziba njia, kwa hiyo halina budi kuizunguka kwa nje. Mkono ukifika mwisho wa bembea nyuma, tufe liko kulia, mbali na mwili. Likirudi linafuata mshazari uleule, kutoka kulia nyuma kwenda kushoto mbele. Hata kifua chako kingekuwa kimeelekezwa kwenye pini kwa rula, tufe litaondoka mkononi likielekea kushoto. Wengi wakiona hivyo hulaumu kifundo cha mkono na kuanza kukisokota wakati wa kuachia, na kuanzia siku hiyo wanakuwa na makosa mawili ya kurekebisha.

Ni vizuri ujue mchezo huu unasamehe kidogo kiasi gani. Kutoka mstari wa faulo hadi pini ya kwanza ni futi 60, yaani mita 18.29. Ukikosea mwelekeo kwa digrii 1 tu, kwa umbali huo tufe litafika likiwa limehama sentimita 32 hivi. Pini zenyewe zimepangwa sentimita 30.5 kutoka kitovu cha moja hadi kitovu cha jirani yake. Digrii moja inatosha kukuhamisha pini nzima, na hakuna mtu anayeweza kuiona digrii moja kwenye mabega yake mwenyewe. Ndiyo sababu wachezaji hujipanga kwa alama za sakafuni. Kukisia kwa macho hakutoshi.

Alama hizo ni hizi. Leni, yaani ile sakafu ndefu linapopita tufe kwenda kwenye pini, ina upana wa karibu mita 1.05 na imegawanywa katika mbao 39, kila ubao sentimita 2.7. Kumbi nyingi siku hizi hazina mbao halisi, ni plastiki ngumu iliyochorwa mistari ya mbao, lakini hesabu haibadiliki. Wewe wa mkono wa kulia unahesabu kutoka kulia. Ubao wa 20 ndio wa katikati, na pini ya kwanza imesimama juu yake. Ukipita mstari wa faulo, kati ya futi 12 na 16 ndani ya leni, utaona mishale 7. Wa kwanza kutoka kulia uko kwenye ubao wa 5, wa pili 10, wa tatu 15, wa nne uko katikati kabisa. Kwenye sakafu unayotembea kabla ya kurusha kuna vitone vilivyopangwa kwa hesabu hiyohiyo. Hivyo vitone ndivyo unavyovihitaji kwa miguu, na mishale kwa macho. Pini ziache, ziko mbali mno kulengwa na mtu ambaye bado anatafuta mkono wake.

Halafu kuna nafasi moja ambayo wanaoanza karibu wote huisahau. Tufe halipiti chini ya pua. Fikiria mtu aliyebeba ndoo ya maji kwa mkono mmoja: ndoo imening'inia pembeni ya mguu, bega la upande huo limeshuka kidogo, na yeye anatembea zake. Hivyo hivyo tufe lako likiachiwa hugusa leni mbao 6 au 7 kulia kwa ukingo wa ndani wa kiatu chako cha kushoto. Mtu mwembamba huenda akawa na 5, mwenye nyonga pana 8. Nafasi hiyo haifutiki, kwa hiyo usipigane nayo, ihesabu. Kiatu kikiishia ubao wa 21, tufe linaanza safari ubao wa 14. Likipita juu ya mshale wa tatu, yaani ubao wa 15, na kuendelea kwa mstari ulionyooka, litafika kwenye pini likiwa karibu na ubao wa 18. Hapo ndipo tunapopaita mfukoni: upenyo kati ya pini ya 1, ile ya mbele, na ya 3 iliyo nyuma yake kulia, ambao kwa mtu wa mkono wa kulia ndio mlango wa straiki, yaani kuangusha pini zote 10 kwa tufe la kwanza. Unaona sasa kwa nini nilisema mahali unaposimama hapana shida? Kusimama katikati na kulenga mshale wa tatu kunakutosha kabisa. Ila wewe ulikuwa unalenga pini kwa pua, huku tufe likiwa na njia yake nyingine.

Sasa tupange mwili, kuanzia chini.

Miguu isishikane kabisa wala isipanuke. Nafasi ya ngumi moja inatosha. Wa kushoto uweke kwenye ubao unaotaka kuishia, kisha urudishe wa kulia nyuma sentimita 5 hadi 10. Hatua hiyo ndogo ya kurudisha mguu ina kazi kubwa kuliko inavyoonekana, kwa sababu nyonga ya kulia inarudi nyuma pamoja nao, bega la kulia linaifuata, na njia ya tufe inafunguka bila wewe kugeuka kwa makusudi. Vidole vya miguu yote miwili vielekee unakolenga. Uzito uelemee kidogo mguu wa kushoto, maana kwa mwendo wa hatua nne ni wa kulia unaoondoka kwanza.

Magoti yalegee. Sisemi uchuchumae, ni kuyafungua tu yasifunge. Mtu mwenye magoti yaliyofunga hana budi kuinama kwa kiuno ili tufe lifike chini, na hapo naanza kusikia maumivu uliyoyataja. Mgongo uinamie mbele kidogo kutoka kwenye nyonga, ukiwa umenyooka, kiasi cha mabega kufika juu ya magoti. Shingo ilegee na macho yatue kwenye mshale.

Tufe lihamishe kutoka chini ya kidevu, uliweke mbele ya bega la kulia. Ukichungulia chini, usione tufe katikati ya miguu yako. Lione likiwa juu ya mguu wa kulia. Kiwiko cha kulia kigusane na mbavu. Mkono wa kushoto ndio ubebe sehemu kubwa ya uzito kwa wakati huu, na ule wa kulia uwe umeshika tu, kana kwamba haujaajiriwa bado. Urefu wa kulishika ni kati ya kiuno na kifua. Ukilishika juu zaidi bembea itakuwa ndefu na tufe litaenda kasi. Ukilishika chini litapungua. Bega la kulia liwe chini kidogo kuliko la kushoto, kwa kuwa ndivyo litakavyokuwa wakati wa kuachia, na mwili hupenda kumalizia ulivyoanza.

Kifundo cha mkono kikae imara, kiganja kikiwa chini ya tufe. Kuhusu kifundo sina la kuongeza leo.

Je, ni nani kati ya wenzako ana haki? Yule wa kugeuka kulia amenusa kitu cha kweli akakikuza kupita kiasi. Mabega na nyonga hufunguka kidogo kuelekea kulia, lakini huko ni kufunguka kwa ajili ya kupitisha mkono, na mguu uliorudi nyuma umeshakufanyia. Ukigeuza mwili mzima, pamoja na miguu, utatembea mshazari kuelekea mtaro wa kulia, na mkono utajaribu kuokoa jahazi kwa kuvuta tufe kushoto. Ndio ugonjwa uleule ulio nao, umezidishwa. Kwa mstari niliokupa, kutoka ubao wa 14 hadi wa 18, mwelekeo wote hauzidi nusu digrii, tena ni kuelekea kushoto. Hakuna cha kugeuza.

Yule wa mabega sambamba na mstari wa faulo yuko karibu zaidi, lakini anaangalia mstari usiofaa. Mabega hayana undugu na mstari wa faulo. Yana undugu na njia ya tufe. Kwenye straiki yako mambo hayo mawili karibu yafanane, ndiyo maana ushauri wake unaonekana kufanya kazi. Subiri ibaki pini ya pembeni.

Chukua pini ya 10, ile ya kona ya kulia, adui wa kila mchezaji wa mkono wa kulia. Iko kwenye ubao wa 3. Ukiirushia ukiwa katikati, tufe linatembea karibu na mtaro karibu leni nzima, na kosa dogo tu linakumaliza. Hamia kushoto, kiatu cha kushoto kiwe kwenye ubao wa 32 au 33, ulenge mshale wa katikati. Tufe litaanzia ubao wa 25 au 26, litakata leni kwa mshazari na kufika konani. Mshazari huo ni kama digrii 2. Hapa ndipo mwili wote unatakiwa ugeuke: vidole vya miguu, magoti, kitovu, mabega, vyote vikabili mshale wa katikati, na hatua zako zielekee huko. Ukiacha mabega sambamba na mstari wa faulo kama alivyokwambia mwenzako, mkono peke yake utalazimika kutengeneza zile digrii 2, nao hautengenezi kiasi kilekile mara mbili mfululizo. Kwa pini ya 7, kona ya kushoto, kazi ni nyepesi: baki palepale unaposimamia straiki, hamisha macho kutoka mshale wa tatu hadi wa nne. Mbao 5 kwenye mishale zinakuwa mbao 20 kwenye pini, na pini ya 7 iko hapo hapo. Kitovu kiufuate mshale mpya.

Hesabu hiyo ya moja kwa nne ukiishika itakusaidia kujirekebisha bila kocha. Mishale iko takriban robo ya safari. Tufe likianzia palepale na kukosa mshale kwa ubao 1, kwenye pini litakosa kwa mbao 4. Kinyume chake, ukilenga mshale uleule lakini ukasogea ubao 1 kulia mahali pa kuanzia, tufe litafika mbao 3 kushoto zaidi. Watu wengi hufanya kinyume: tufe limekwenda kushoto, wanasogea kulia wakidhani wanalirudisha, na linazidi kukimbilia kushoto. Kama unarusha vizuri na linaangukia kushoto, sogea kushoto.

Ila usianze kusogea kabla hujajua miguu inakufikisha wapi. Hili hukaguliwa kwa sekunde mbili. Ukishaachia tufe, kabla ya kuangalia pini, tazama kiatu chako cha kushoto kimesimama ubao gani. Ulianza 21 ukaishia 21? Vizuri. Ulianza 21 ukaishia 25? Basi unahamia pembeni unapotembea, na mpangilio wote tuliofanya hapo mwanzo umehama nawe. Kuhama mbao 2 kila mara si dhambi, ilimradi ziwe 2 kila mara na uzihesabu. Kuhama 1 leo na 5 kesho ndiko kunakoua.

Mwendo wenyewe uwe wa hatua nne kwanza. Ili kujua pa kuanzia, simama visigino vikiwa karibu na mstari wa faulo, uupe mstari mgongo, utembee hatua nne na nusu za kawaida kuelekea nyuma ya ukumbi, kisha geuka. Ile nusu ni ya kuteleza. Hatua ya kwanza ya kulia inaondoka pamoja na tufe, likisukumwa mbele ya bega lako, kuelekea mshale, usilipeleke katikati. Hatua ya pili, ya kushoto, tufe linashuka na kupita pembeni ya mguu. Ya tatu, ya kulia, limefika juu nyuma. Ya nne ni kuteleza kwa mguu wa kushoto huku tufe likirudi. Hatua mbili za mwanzo ziache zikanyage karibu na mstari mmoja, mguu ukivuka kidogo mbele ya mwenzake, kwa kuwa ukitembea kwa miguu iliyopanuka nyonga inarudi njiani na tufe linaanza tena kuizunguka.

Wakati wa kuachia, goti la kushoto limekunjwa na liko juu ya vidole vya mguu, kichwa kimetulia, na mguu wa kulia umepita nyuma ukaelekea kushoto, vidole vyake vikigusa sakafu. Mguu huo wa nyuma watu huudhani ni mapambo ya kwenye televisheni. Ndio unaokuzuia usipinduke, kwa sababu una kilo 5 zinazobembea upande wa kulia na lazima kitu fulani kikae upande wa pili. Mabega, yaliyokuwa yamefunguka mkono ulipokuwa nyuma, yanarudi yenyewe kukabili njia ya tufe. Kisha kaa hivyo hivyo mpaka tufe lipite mishale. Ukishindwa kusimama muda huo bila kuyumba, tatizo lilikuwepo kabla ya kuachia.

Kuhusu kiuno. Maumivu ya upande wa kulia kwa mtu aliyeshika tufe katikati na kulizungusha nje ya nyonga hayanishangazi: kila ukirusha unainama, unapinda kulia, halafu unasokota mgongo kwa wakati mmoja, ukiwa na uzito mwisho wa mkono. Ukihamishia tufe begani na kukunja magoti, vitu viwili kati ya hivyo vitatu vinaondoka. Angalia pia nambari iliyo juu ya tufe unalochagua. Kumbi nyingi huandika uzito kwa pauni, na kikomo cha mchezo ni pauni 16, yaani kilo 7.26. Pauni 12 ni kilo 5.4. Kama ukilishika mbele yako sekunde chache bega linaanza kupanda kuelekea sikio, shuka pauni mbili. Hakuna mtu atakayekuuliza. Na tundu la dole gumba lichunguze kuliko rangi. Matufe ya ukumbi yametobolewa kwa mikono ya kila mtu, na tundu likiwa pana unalazimika kulibana tufe lisichomoke. Kubana huanzia kwenye dole na kupanda hadi begani, na bega lililokaza halibembei tena. Nimeona watu wakifundishwa bembea mwezi mzima wakati walichohitaji ni tundu dogo zaidi. Maumivu yakiendelea hata baada ya kupumzika, au yakishuka mguuni kwa ganzi, hayo muone daktari kabla ya kurudi kwenye leni.

Jingine la usalama: kabla ya kila zamu tazama soli yako ya kushoto. Soda ikimwagika karibu na viti, ukaikanyaga, kiatu hakitelezi tena, kinanasa. Mwili unaendelea mbele, goti linabaki. Mpangilio mzuri wote duniani hausaidii hapo.

Utasema umewaona mabingwa wakifanya tofauti, na ni kweli. Don Carter, aliyetawala boling ya Marekani katika miaka ya 1950, alirusha akiwa amejikunja, kiwiko kikiwa kimepinda. Jason Belmonte wa Australia hurusha kwa mikono miwili. Alianza hivyo akiwa mtoto mdogo kwenye ukumbi wa wazazi wake mjini Orange, na mwili wake huinamia upande kiasi ambacho mimi singekishauri kwa mtu anayeumwa kiuno. Anayenivutia zaidi kwa suala lako ni Walter Ray Williams Jr., mwenye mataji 47 ya chama cha wachezaji wa kulipwa cha Marekani, ambaye pia alikuwa bingwa wa dunia wa mchezo wa kurusha viatu vya chuma vya farasi kwenye kigingi. Michezo yote miwili ni ileile ya mkono kubembea kutoka begani kuelekea kitu kilicho mbali, na tufe lake lilijulikana kwa kwenda kwa mstari ulionyooka kuliko la wenzake. Ukiwatazama hawa watatu kwa mwendo wa polepole, mtindo ni tofauti kabisa, lakini kila mmoja mkono wake hurudi kwa njia uliyoendea.

Watakwambia pia kwamba tufe lililonyooka halipigi straiki nyingi, na wana hoja. Uchunguzi wa shirikisho la boling la Marekani, USBC, unaonyesha kwamba nafasi ya straiki huwa nzuri zaidi tufe likiingia mfukoni kwa pembe ya karibu digrii 6, na tufe lisilopinda halifikii hata digrii 2, hata likianzia ukingoni mwa leni. Pembe hiyo hupatikana kwa kulizungusha tufe ili lipinde mwishoni, baada ya kumaliza sehemu ya leni iliyopakwa mafuta. Lakini kujifunza kupinda kabla bembea haijanyooka ni kuongeza kitu kisichojulikana juu ya kingine. Kwa sasa chukua speya zako, yaani kumalizia kwa tufe la pili pini zilizobaki. Mchezaji anayefunga speya zote bila straiki hata moja anawashinda wengi wa Ijumaa jioni.

Zoezi nitakalokupa ni moja. Fika mapema kabla ya wenzako, omba leni ya pembeni, usitembee kabisa. Simama karibu na mstari wa faulo katika umbo la kumalizia: mguu wa kushoto mbele, goti limekunjwa, wa kulia umepita nyuma kuelekea kushoto. Tufe ni jepesi, limening'inia mkono wa kulia pembeni. Lisukume mbele kidogo, liache lirudi nyuma, lirudi mbele, uachie juu ya mshale wa tatu. Usitumie nguvu, lifike pini au lisifike, si hoja. Mwenzako asimame nyuma yako na simu, si nyuma ya kichwa chako bali nyuma ya bega la kulia, arekodi. Kwenye video angalia kitu kimoja: tufe likiwa nyuma, je, liko nyuma ya bega? Likionekana kulia zaidi, bado unalianzisha katikati. Likijificha nyuma ya mgongo, umezidisha dawa, na utaona linaanza kwenda kulia. Ukishaona linakaa nyuma ya bega, ongeza hatua moja ya kuteleza, halafu ndipo urudi kwenye nne.

Kama kuna mwenzenu wa mkono wa kushoto, ageuze kila nilichosema: ahesabu mbao kutoka kushoto, arudishe mguu wa kushoto nyuma, mfuko wake ni kati ya pini ya 1 na ya 2.

Na tufe la kununua? Subiri. Tufe lako mwenyewe hutobolewa kwa kipimo cha vidole na kiganja chako, na uzito utakaouchagua leo ukiwa na bega lililokaza sio utakaoutaka baada ya miezi michache ya bembea iliyolegea. Kama pesa inakuwasha mfukoni, nunua viatu. Vya kukodi huteleza vyote viwili ili vimfae kila mtu, tena leo unapewa vinavyoteleza sana, mwezi ujao vilivyochakaa. Vya kwako, ukinunua vile vya mkono wa kulia, cha kushoto kitateleza na cha kulia kitashika sakafu, na hatua yako ya mwisho itaishia ubao uleule.